Kengele Alivyowekwa Wusi

Tangu turudi, kila ninayekutana naye stesheni ya Voi ananiuliza jambo moja: ilikuwaje mpaka nikasimamishwa mbele ya watu kwa ajili ya mbwa? Salim amekwisha kuwasimulia wengine, lakini Salim akisimulia manyunyu hugeuka gharika na kilima hufika mawinguni. Kwa hiyo nimeona niandike. Shule yangu iliishia darasa la nne, na nikisoma hapa nilipoandika naona maneno yanakwenda kama behewa lenye gurudumu bovu. Mtanivumilia. Nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake, hata pale ambapo haki hiyo hainipendezi.

Kwanza mjue habari za mbwa. Anaitwa Kengele, jike, rangi ya mchanga, kifua cheupe. Si wangu, ni wa mke wangu Mkawasi. Wengi wenu mnajua Mkawasi aliugua homa kali akapona, ila masikio hayakupona. Mimi kazi yangu ni kutia grisi magurudumu ya mabehewa, na mara nyingi niko zamu ya usiku. Mtu akibisha hodi, Kengele humwendea Mkawasi akamvuta kanga. Chungu kikifurika, humvuta kanga. Hakuna aliyemfundisha. Bila mbwa huyo nisingeweza kumwacha mke wangu peke yake nikafanya kazi na moyo umetulia.

Likizo yangu ilipofika, Mkawasi alikuwa anakwenda Maktau kumuuguza dada yake aliyejifungua. Huko kuna mbwa wawili wakali wasiotaka mgeni. Basi akanipa Kengele mimi. Akanishika mkono akasema kwa sauti ile yake ya juu, ya mtu asiyejisikia, "Mwakio, nakuachia masikio yangu. Unirudishie."

Nikamwambia asiwe na shaka.

Voi mpaka Mwatate

Salim ni dereva, jirani yangu, wazee wake watu wa pwani. Alikuwa amenunua mnadani gari kuukuu la wagonjwa la jeshi, tangu siku za vita. Nyuma lina vitanda viwili vya turubai, kimoja kila upande, na dirisha dogo la kuchungulia kwa dereva. Alitaka kujua kama lingeweza kupanda milima ya Dawida, ndiyo Taita, maana alikuwa na mawazo ya kuteremsha mboga kutoka Werugha. Mimi nilitaka kuona kwetu. Marehemu baba alishuka kutoka milimani kwenda kukata mkonge, na mimi nikazaliwa bondeni. Huko juu sikuwa na nyumba ya kufikia hata moja. Salim akasema, "Nyumba ya nini, na sisi tunakwenda na nyumba yetu?"

Tulipakia jiko la makaa, sufuria, unga, majani ya chai, mablanketi na koti langu la zamu. Salim aliuviringisha msala wake ndani ya gunia safi akautundika juu kwenye dari.

"Ndugu yangu," akaniambia, "mimi sina ugomvi na mbwa wako. Lakini yeye upande wake, mimi upande wangu. Akinigusa na pua ile mbichi, nitaoga, na huko tuendako maji ni barafu. Nihurumie."

Nikaweka ubao katikati. Kengele akalala chini ya kitanda changu, na nasema kwa haki kwamba safari nzima hakuuvuka ubao huo. Salim anasema aliuvuka mara moja. Mimi sikuona.

Mwatate tulikaa sana kuliko tulivyotaka. Msalaba mwekundu ubavuni mwa gari Salim alikuwa ameupaka rangi ya kijani, lakini ulionekana chini yake kama kovu. Tulisimama tunywe chai. Tuliporudi tulikuta mzee amelala chali juu ya kitanda changu, amejifunika blanketi langu, mguu mmoja umevimba kama boga.

"Mzee, shikamoo," Salim akasema. "Gari hili si la hospitali."

"Marahaba. Limeandikwa."

"Palifutwa, mzee."

"Palifutwa vibaya," mzee akajibu, akafumba macho. "Twende. Nimengoja sana."

Salim alinitazama, nikamtazama. Watu walikuwa wamekusanyika, na mama mmoja alikuwa anamkemea mwenzake kwa kuchelewa kumleta mgonjwa wake. Tukaondoka na mzee kabla hawajaja wengine. Njiani ng'ombe walikuwa wanavuka, na Kengele akaruka kwa mlango wa nyuma kuwafukuza, mchungaji akarusha rungu likapita juu ya kichwa chake. Nilimrudisha garini kwa nguvu. Mzee akafungua jicho moja: "Mbwa huyo msimpeleke Werugha. Kule ng'ombe wa maziwa wanatunzwa kuliko wake za watu."

Mwatate mpaka Wusi

Barabara ya kupanda ni nyembamba, inajizungusha kama mtu anayetafuta alichodondosha. Gari lilichemsha maji mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Kila likichemsha tunateremka, tunatia jiwe nyuma ya gurudumu, tunangoja, na mzee ndani anauliza kama tumefika. Tulipomfikisha hospitalini huko juu, mhudumu alitupokea bila kushangaa akatuuliza wengine wako wapi. Mzee alitushukuru sana. Blanketi langu alikwenda nalo. Sikuweza kumwomba, na nadhani nilifanya sawa, ingawa usiku ule nilifikiri vingine.

Kwa sababu baridi ile, ndugu zangu, sikuijua. Tulirudi nyuma kidogo mpaka Wusi, ambapo palikuwa na kiwanja cha kusimamisha gari, na ukungu ukatufunika. Ulikuwa mwezi wa Julai. Mabati ya gari yalitoa jasho kwa ndani, matone yakatudondokea usoni. Nililala na koti, viatu na kofia. Salim alikuwa amejifunga kilemba mpaka puani, sauti inatoka humo: "Mwakio, watu wenu walikimbia nini mpaka wakaja kuishi huku?"

Asubuhi mwanamke mmoja aligonga ubavuni mwa gari. "Kwawuka mana!" akatuamkia kwa Kidawida. Alikuwa mama wa makamo, mjane, jina lake Wakesho, shamba lake lilikuwa chini tu ya hapo tuliposimama. Alikuwa ameona moshi wetu wa makaa akatuonea huruma. Alileta viazi vitamu vya moto na kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, na tulikula tumechuchumaa.

Tulipokuwa tunakula, Kengele alisimamisha masikio akatoka mbio. Tumbili walikuwa wameingia kwenye njegere za Wakesho. Mbwa aliwafagia shambani mpaka mtini, akakaa chini ya mti akiwatazama. Wakesho alisimama mikono kiunoni.

"Huyu ni mbwa au askari?"

Nikajivuna kidogo. Nikamwambia tunaelekea Werugha na Mghange, na yale mzee aliyotuonya. Akatikisa kichwa. "Mzee kasema kweli. Kule mbwa mgeni akimsogelea ng'ombe wa mtu, hamtamrudisha mzima."

Nikaingiwa na hofu, na hapo ndipo nilipofanya yale yaliyofanyika. Nikamwomba anishikie Kengele mpaka turudi. Alinitazama vizuri, kama mtu anayepima kitambaa.

"Unaniachia mimi?"

"Nakuachia wewe, mama."

Akaniambia ningoje. Akaenda kuwaita jirani yake Mwadime na mkewe, nikadhani wanakuja kutuaga. Wakasimama pale. Nikampa Wakesho kamba ya mbwa kwa mkono wa kulia. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha uji wa moto, akanipa. Nikanywa. Akakipokea akanywa yeye uliobaki. Mwadime akaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, watu wa kwetu wana adabu jamani.

Wusi mpaka Werugha

Kupanda kwenda Werugha tulikwama kwenye tope, na walioturudisha barabarani ni watu waliokuwa wanatoka kanisani na nguo zao za Jumapili. Walivua viatu, wakakunja suruali, wakasukuma huku wanaimba. Salim hapo ndipo alipoharibu. Kwa kutaka kuwashukuru aliwaambia, "Ingieni nyuma, niwapeleke nyumbani." Waliingia wote. Sisemi uongo, wote. Spring zikalala, gari likakwama tena palepale. Ikabidi washuke wasukume upya, na safari hii hawakuimba.

Werugha ni pazuri, hilo niliandike wazi. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mlimani, kabichi zimekaa kwa mistari, ng'ombe wako ndani ya boma wanaletewa majani kama wagonjwa. Tulinunua maziwa, tukayachemsha na chai mpaka yakatengeneza utando mzito juu. Salim alitia udhu kwa maji ya kijito, na kila akiyagusa alitoa sauti ambayo sidhani imo katika ibada. Mwenye shamba tulilosimama kando yake alimtazama siku zote mbili tulizokaa pale. Asubuhi tulipoamka tulikuta amemwekea ndoo ya maji ya moto mlangoni mwa gari. Hakungoja kushukuriwa.

Mimi nilikuwa nikitazama chini ya kitanda changu kila mara, nakuta ubao tu.

Mghange

Hapo ndipo tulipoacha kwenda mbele, kwa kuwa Salim alikuwa ameona alichotaka. Gari lilikuwa limepanda, na alitembea kulizunguka akilipigapiga kama farasi. Tulisimama karibu na nyumba ya bwana mmoja, Mwakima, mtu mcheshi, alitupa ndizi za kuchoma na moto wa kuota. Akaniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia jina la baba. Akauliza nina nini huku milimani. Nikasema sina kitu, ila mbwa wa mke wangu nimemwacha kwa mama mmoja Wusi.

"Umemwacha vipi?"

Nikamweleza. Kamba, majirani, uji.

"Ukanywa?"

"Nilikunywa. Kulikuwa na baridi."

"Naye akanywa uliobaki?"

"Akanywa."

Mwakima alicheka mpaka akashika mti. "Bwana, basi una mfugo Wusi! Umeweka!"

Akanieleza, na nilipokuwa nasikiliza moto wote nilioota ulinitoka. Watu wa milimani, alisema, tangu zamani hawaweki mifugo yao yote kwenye zizi moja. Ugonjwa ukija, au ukame, utamaliza yote. Basi mtu huweka mbuzi mmoja kwa rafiki huku, ng'ombe mmoja kwa rafiki kule. Unampa kamba mbele ya mashahidi, mnakunywa kwenye kibuyu kimoja. Mnyama hukaa miaka. Anayemtunza anakula maziwa, na katika wazao ana fungu lake. Wewe unakuja mara moja moja kumwona, unakaribishwa kama ndugu.

"Lakini yule ni mbwa!" nikasema.

"Wewe ndiye uliyemfanya mbuzi. Mama wa watu ameletewa mnyama na kamba yake, alaumiwe kwa lipi?"

Nikakumbuka baba alivyokuwa akituambia ana mbuzi milimani, nasi watoto tukacheka, tukidhani anajisifu kwa kuwa bondeni hakuwa na hata kuku. Niliona aibu. Halafu moyoni nikamwona Mkawasi nyumbani, amegeukia jiko, na mtu anagonga mlango. Salim akaondoka motoni akaenda kutia gari maji.

"Tunaondoka asubuhi," akasema.

Kurudi Wusi

Tulimkuta Kengele kabla ya kumkuta Wakesho. Alikuja mbio, akanizunguka, akanilamba mikono, kisha akasikia tumbili akarudi kazini. Alikuwa amenenepa. Kando ya shamba kulikuwa na kibanda kipya cha fito, kimeezekwa majani, na ndani kimetandikwa gunia.

Wakesho alitoka anacheka. "Umekuja kumwona mnyama wako! Karibu, karibu, ndugu yangu. Tazama njegere."

Nilitazama. Zilikuwa zimesimama zote. Afadhali angenitukana.

Nikamwambia nimekuja kumchukua. Kicheko kikamtoka polepole. Hakugomba. Aliweka jembe chini, akaenda kuwaita Mwadime na mkewe.

Tulikaa kwenye magogo mbele ya nyumba. Mwadime, aliyekuwa fundi wa viti na hakupenda maneno mengi, akaniuliza, "Kamba ulitoa wewe?"

"Nilitoa mimi."

"Uji ulikunywa?"

"Nilikunywa, na ulikuwa mtamu."

Mkewe alicheka. Salim akanibana ubavu, akanong'ona, "Wewe unajishtaki mwenyewe! Waambie hukujua."

Nikasema sikujua desturi. Mwadime akajibu, "Tumesikia. Lakini yeye alijua, na amejenga."

Wakesho akasema neno lake, na naliandika kama alivyolisema, kwa sababu lilikuwa la haki. Wanawe wawili wako bondeni kwenye mkonge. Msimu uliopita tumbili walimwachia maganda. Hakuniomba mnyama, mimi ndiye niliyemletea. "Mtu amekuja kwangu na kamba mkononi, nikasema, kumbe hata watoto wa walioshuka bado wanakumbuka. Nilifurahi."

Hapo Salim akainuka. Mimi nilitaka kumkalisha, nikachelewa.

"Mama yangu, mimi mbwa huyu simpendi. Juma zima nimeishi na ubao kwa ajili yake. Angebaki hapa, Wallahi ningelala vizuri mpaka Voi. Lakini mke wa huyu bwana hasikii. Mlango ukigongwa, mbwa ndiye anayemwambia. Huyu akiwa zamu, yule mama yuko peke yake. Mimi ni jirani, nimeona kwa macho yangu. Nakuomba."

Akakaa, akalitazama gari, kana kwamba si yeye aliyesema.

Wakesho alinigeukia mimi. "Hasikii kabisa?"

"Sikio moja kidogo, ukipiga kelele."

"Na mbwa humwambia vipi?"

"Humvuta kanga."

Kengele alikuwa anarudi kutoka shambani, ulimi nje. Wakesho akamtazama mpaka akafika, akalala miguuni pake, si pangu. Hilo lilinichoma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Ngoja," Wakesho akasema. "Mbwa ni wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Alikupa umweke?"

"Hapana. Alinipa nimtunze, nimrudishie."

Akapiga makofi mara moja, akamgeukia Mwadime. "Umesikia? Kaweka mnyama asiye wake!"

Mwadime aliinua kichwa. Mkewe akasema "Ee!" ndefu. Na mimi nikaona kwamba mambo yamegeuka, na aliyebaki na kosa ni mimi peke yangu. Mtu haweki mnyama wa mwenzake, Mwadime akasema. Hapa hakuna kilichowekwa. Mbwa arudi kwa mwenyewe.

Nikatoa pumzi. Lakini Mwadime hakuwa amemaliza. Uji nimekunywa, mama amejenga kibanda, amelisha, na leo shamba linabaki bila mlinzi. Akaniuliza nina mnyama gani wangu mwenyewe.

"Sina," nikasema.

"Basi una miguu," akasema Wakesho.

Ndivyo nilivyofanya kazi ya Kengele. Siku ile yote, mbwa amefungwa kamba kwenye gari, mimi nilikimbiza tumbili kwenye njegere za Wakesho na debe tupu na fimbo. Tumbili walinijua upesi. Walikuwa wananingoja nifike karibu kabisa ndipo waondoke, bila haraka. Salim alikuja kunisaidia upande wa chini, amefunga kilemba, anapiga sufuria yetu na kupayuka kwa Kiarabu chake kidogo, na hao wa upande wake walikimbia kweli. Wakesho alikaa mlangoni akichambua maharagwe, machozi ya kicheko yanamtoka. "Kushoto, askari! Kushoto! Huyo nyuma yako!"

Jioni ile hakuturuhusu kulala garini. Tulilala ndani, kando ya jiko, na kwa mara ya kwanza nikavua viatu. Asubuhi alinipa njegere mfuko mzima. Akafungua kamba ya Kengele kwenye gari, akanitilia mkononi.

"Mwambie mkeo," akasema, "mbwa huyu akizaa, mimi siombi kwako. Wewe huna mali. Naomba kwake."

Nyumbani

Kutoka Wusi mpaka Voi ni kuteremka, na sina mengi ya kuandika ila kwamba breki zilitoa moshi na Salim hakusema kitu kuhusu ubao, nami sikuuweka.

Mkawasi alifika kwa treni kutoka Maktau. Kengele alimwona kabla yangu, akamrukia, akakaribia kumwangusha na furushi lake. Mkawasi alimshika uso kwa mikono yote miwili, akamkagua masikio, makucha na meno.

"Amenenepa. Ulimlisha nini?"

Nilikuwa nimeazimia kumwambia pole pole, baada ya kula. Lakini mke wangu husoma midomo, na midomo yangu haijui kuficha. Nilimweleza palepale stesheni, kwa sauti kubwa, watu wanapita, wengine wenu mkisikiliza. Kamba, uji, Mwakima, kibanda, tumbili. Nilimwambia niliweka kilicho chake, na kwamba nusura nisirudi nacho.

Akaliweka furushi chini. Nilijiandaa.

"Mama huyo ana kibanda kimejengwa tayari?"

"Kimejengwa. Na gunia ndani."

"Na alisema aniombe mimi?"

"Wewe. Alisema mimi sina mali."

"Kasema kweli," akasema Mkawasi, na akacheka cheko lake la juu hata msimamizi wa stesheni akageuka. Akachukua mfuko wa njegere kutoka mkononi mwangu, akaupima uzito, akampa Kengele kamba yake aibebe mdomoni.

"Akizaa, jike wa kwanza nitampeleka mwenyewe. Kamba nitatoa mimi, uji nitakunywa mimi. Wewe na Salim mtafukuza tumbili mpaka nimalize kunywa."